Maikroni 30: Miaka 13 ya Kubishana Juu ya Mfuko wa Rambo

Tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo mfuko wa rambo, uliokuwa umebeba nyanya, nyama, chipsi, mitumba na madaftari ya Watanzania kwa miaka nenda rudi, uligeuka kuwa kosa la kukupeleka polisi. Ukikutwa nao mkononi, faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Ukikutwa unauuza, shilingi 100,000 hadi 500,000, au miezi mitatu. Mwenye kiwanda na mwagizaji walitengewa hesabu yao: shilingi milioni 20 hadi bilioni 1, au jela hadi miaka miwili.

Ukiwauliza watu leo, wengi watakwambia jambo lile lilikuja ghafla. "Enzi za Magufuli bwana, likisemwa limesemwa." Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama bungeni Dodoma Aprili 9, na kufikia Juni 1 rambo hakuna. Siku hamsini na tatu tu.

Mimi sikubaliani na kumbukumbu hiyo. Marufuku ile ilipozaliwa tayari ilikuwa na umri wa miaka 13. Ilishawahi kutangazwa, ikapunguzwa makali, ikasahaulika, ikafufuliwa, ikaahirishwa. Naomba leo tuipitie taratibu, wadau, maana ndani yake kuna jambo ambalo naona hatujalizungumza vya kutosha: karibu miaka yote hiyo tuliimaliza tukipima unene wa mfuko, badala ya kuamua kama tunautaka au hatuutaki.

Kwanza jina. Wenzetu wa Kenya waliuita juala, na wengine wakauita "karatasi", jambo ambalo mpaka leo linanichekesha kwa sababu karatasi ndicho kitu pekee ambacho mfuko ule haukuwa. Sisi tuliupa jina la yule mbabe wa filamu za Marekani. Filamu ya pili ya Rambo ilitoka mwaka 1985, mwaka uleule ambao Mzee Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu na nchi ikaanza safari ya "ruksa". Sidai kwamba mfuko ulishuka bandarini mwaka huohuo. Ila hiyo ndiyo dunia iliyouzaa: biashara inafunguliwa, bidhaa zinarudi madukani baada ya miaka ya foleni na maduka ya kaya, na mnunuzi kwa mara ya kwanza anapewa kitu cha kubebea bila kuuliza.

Kabla ya hapo mtu alitoka nyumbani na chombo chake. Kikapu cha ukindu au cha milala, chupa ya mafuta ya taa, chupa ya mafuta ya kula. Pwani kulikuwa na pakacha la makuti, ambalo ukishalitumia unalitupa na kesho ni mbolea. Nyama ilifungwa kwenye gazeti, sukari kwenye kifuko cha kaki. Sisemi haya kwa kutamani zama zile, maana nyama ya kwenye gazeti ilikuja na wino wake. Nasema tu kwamba ile hoja ya "Mwafrika hawezi kuishi bila plastiki", ambayo niliisikia kwa masikio yangu mwaka 2019, inasahau kuwa bibi zetu wengi walioa, wakaolewa na kulea bila kuigusa.

Plastiki yenyewe ina historia ya kushangaza. Polithini iligunduliwa kwa bahati tu mwaka 1933, kwenye maabara za kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Mfuko wenye mikono miwili kama fulana ni kazi ya mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, wa kampuni ya Celloplast, na hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1965. Mwanawe aliwahi kuieleza BBC kwamba baba yake alitaka kupunguza ukataji wa miti kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alitembea na mfuko wake umekunjwa mfukoni. Yaani kwa aliyeubuni, ule ulikuwa mfuko wa kutumia tena na tena! Sisi tuliutumia kutoka gengeni hadi jikoni, dakika kumi, basi.

Haya, turudi Bongo, mwaka 2006.

Kwa mliokuwa wadogo, ule ulikuwa mwaka wa ukame na mgao wa umeme. Maji ya Bwawa la Mtera yalipungua vibaya. Jakaya Kikwete ana miezi michache tu Ikulu. Serikali mpya ikatoka na mkakati wa haraka wa kuhifadhi ardhi na vyanzo vya maji, na katika hamasa hiyohiyo, mwanzoni mwa Aprili, Makamu wa Rais Dk. Ali Mohamed Shein akatangaza kwamba mifuko ya plastiki inapigwa marufuku, pamoja na vifungashio vya plastiki vya maji na juisi. Wale tuliokunywa maji ya kandoro, yale ya kufungwa fundo na kung'atwa kwenye kona, tunajua ilikuwa inagusa wapi.

Aprili hiyohiyo Zanzibar nayo ikapiga marufuku uingizaji na utengenezaji wa mifuko hiyo visiwani.

Naomba msomaji uzingatie tarehe. Rwanda, ambayo kila mtu anaitaja kama mfano, ilipitisha sheria yake Septemba 2008. Kenya ilifanikiwa Agosti 2017. Kwa maneno ya mdomoni, Tanzania ilikuwa mbele ya wote hao. Ulimwenguni waliotutangulia ni wachache, na nchi ya kwanza kabisa, Bangladesh, ilikuwa imetutangulia kwa miaka minne tu. Huko walichukua hatua mwaka 2002 baada ya kuona mifuko ilivyoziba mitaro na kuzidisha mafuriko makubwa ya 1988 na 1998.

Sasa, kilichotokea kati ya tangazo na utekelezaji ndicho kisa chenyewe. Huku Bara marufuku "ya mifuko ya plastiki" iliishia kuwa marufuku ya mifuko yenye unene chini ya maikroni 30.

Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu unakaribia maikroni 70. Kwa hiyo sheria ilimtaka mgambo wa jiji asimame Kariakoo katikati ya jua, amshike kijana mwenye fungu la rambo mkononi anayeita "mfuko mia, mfuko mia", halafu aamue kama mfuko ule umefika nusu ya unene wa unywele. Kwa macho. Mnadhani mgambo alifanya nini? Kuna waliopita kama hawakuona. Na kuna walioona kwamba kitu kisichopimika kinaweza kuzungumzwa pembeni, na mazungumzo yenyewe mnayajua.

Lakini tuwe wakweli, hoja ya unene haikuwa ya kijinga. Mfuko mzito unagharimu zaidi kuutengeneza. Ukigharimu zaidi, muuzaji hautoi bure, na mnunuzi aliyeulipia hautupi ovyo. Pia mfuko mzito haupeperushwi na upepo kirahisi. Afrika Kusini walipita njia hiyo mwaka 2003, wakaweka unene wa chini na tozo, na mnunuzi akaanza kuuona mfuko kwenye risiti yake. Matumizi yalishuka mwanzoni, kisha yakaanza kupanda tena watu walipoizoea bei. Ireland walianza mwaka 2002 kwa kodi ya senti 15 kwa kila mfuko, na matumizi yakaporomoka kwa karibu asilimia 90.

Tatizo ni kwamba risiti inahitaji mashine ya risiti. Mfumo ule ulijengwa kwa nchi ambazo watu hununua kwenye supamaketi chache zinazojulikana, zenye mhasibu na mkaguzi. Sisi tunanunua Tandale, Buguruni, Mabibo na Mwananyamala, kwa mama mwenye meza ya mafungu ya nyanya. Unamtoza nani? Ukipandisha kodi kiwandani, kiwanda kinapunguza unene ili kufidia, na tunarudi palepale kwa mgambo na macho yake.

Majirani nao waliingia shimo hilohilo. Juni 2007, Kenya na Uganda zilitangaza kwenye bajeti zao marufuku ya mifuko iliyo chini ya maikroni 30, na ile minene ikatwishwa ushuru wa asilimia 120. Kwenye karatasi ni kali. Nairobi ikaendelea kuelea kwenye juala kama kawaida, na Kenya ikajaribu tena mwaka 2011, bila mafanikio. Hii ni nchi ambayo mwaka 2005 Profesa Wangari Maathai, akiwa na Nobel yake ya mwaka uliotangulia, alishawaambia wenzake kwamba mifuko iliyotupwa inatuamisha maji na kuzalisha mbu wa malaria. Yeye akapigia debe kiondo. Watu wakampigia makofi, wakaenda sokoni na juala.

Rwanda wao hawakupima chochote. Sheria yao ya 2008 ilikataza mfuko wa polithini kuutengeneza, kuuingiza, kuuuza na kuutumia. Askari wa pale Rusumo hahitaji maabara. Anafungua begi, anaona mfuko, anauchukua. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu ukali wa serikali ya Kigali, na mimi ninayo ya kwangu, lakini kwa hili walielewa jambo dogo ambalo sisi lilituchukua zaidi ya miaka kumi: marufuku inayotegemea kitu ambacho jicho halioni si marufuku.

Zanzibar ndiyo inayoniuma zaidi. Walikataza mwaka 2006, wakiangalia matumbawe yao, kasa na fukwe zinazowalisha. Ila kisiwa kina bahari pande zote, na ng'ambo ya bahari hiyo kuna mshirika wa Muungano ambaye viwanda vyake viliendelea kumwaga mifuko. Ikaingia kwa boti, kwa majahazi, kwenye mizigo ya watu. Kwa miaka 13 Wazanzibari walikuwa wakikamata kwa mkono mmoja bidhaa ambayo ilikuwa halali kabisa mwendo wa saa mbili za feri. Na hapa kuna kichekesho cha kikatiba: mazingira si jambo la Muungano, kila upande una sheria yake. Lakini ofisi iliyosimamia mazingira Bara wakati huo ilikuwa ya Makamu wa Rais, chini ya waziri aliyeitwa wa "Muungano na Mazingira". Maneno mawili kwenye bango moja la mlangoni, na mfuko ukapita katikati yake.

Halafu ikaja Desemba 2011. Kati ya tarehe 20 na 22 Dar es Salaam ilinyeshewa mvua ambayo ilikuwa haijaonekana tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Jangwani ikawa ziwa, bonde la Msimbazi likabeba nyumba, na waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Baada ya maji kupungua, picha zilionyesha mitaro iliyojaa plastiki, na mjadala wa rambo ukaamka tena.

Nisieleweke vibaya hapa. Rambo peke yake haikuua watu wale. Waliuawa na mvua, na jiji lililojengwa bondeni bila mitaro ya kutosha, na uzoaji wa taka ambao mitaa mingi ya uswahilini ulikuwa hauifikii kabisa. Huwa nakereka nikisikia kiongozi akisema tatizo ni "wananchi wachafu". Mtu ambaye gari la taka halijawahi kufika mtaani kwake aupeleke wapi mfuko? Auchome, na moshi waule watoto? Aufukie? Wengi walisubiri mvua, kwa sababu mvua ndiyo iliyokuwa gari lao la taka. Na kwa sababu hiyohiyo naamini marufuku ilikuwa sahihi: nchi isiyo na uwezo wa kuzoa kitu kisichooza haina sababu ya kukiruhusu kigawiwe bure kwa mamilioni.

Baada ya mafuriko, tulifanya nini? Tukaongeza maikroni! Kanuni za mwaka 2015 zilitoka kwenye 30 zikaenda 50. Mwaka 2016, Waziri January Makamba akatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2017 mifuko itakuwa basi. Januari ikafika, ikapita. Viwanda viliomba muda, vikapewa. Wakati huohuo, Machi 1, 2017, pombe ya viroba ilipigwa marufuku, na ikatoweka madukani ndani ya siku chache. Kwa hiyo uwezo wa kukataza ulikuwepo. Uliokosekana ulikuwa uamuzi.

Uamuzi huo ulitusukuma kutoka kaskazini. Nakuru, mpiga picha wa habari James Wakibia alikuwa amekaa miaka akipiga picha za dampo na mifuko iliyonasa kwenye miti na kuzitundika mtandaoni, mpaka kampeni yake ikashika. Februari 28, 2017, Waziri Judi Wakhungu akatia tangazo kwenye gazeti la serikali, na miezi sita baadaye, Agosti 28, Kenya ikawa na marufuku kali kuliko zote: faini ya shilingi za Kenya milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Wenye viwanda walisema kampuni 176 na ajira 60,000 ziko hatarini. Waliokwenda mahakamani kutaka isimamishwe hawakufanikiwa. Uchumi wa Kenya haukuanguka. Kufikia 2019 hoja ya "viwanda vitakufa" ilikuwa imechuja hata huku kwetu.

Nyie mnaikumbuka Juni ile. Ofisi za serikali za mitaa zikapokea mifuko ya kusalimishwa, wageni wakatakiwa kuacha ya kwao uwanja wa ndege, na kina mama wakafukua vikapu vya zamani. Ikafanya kazi. Nani anabisha? Angalia uzio wa shule, angalia mitaro ya mtaani kwako, ile nyeusi na ile ya bluu haiko tena kama zamani.

Ila bili ilikwenda kwa nani? Kiwanda kilibadilisha mashine au kilibadilisha bidhaa. Kijana wa "mfuko mia" alipoteza kazi ambayo haikuwa na mkataba wala mafao, kwa hiyo hakuhesabiwa popote. Na mnunuzi wa nyanya za shilingi 500 alikuta mfuko mbadala unaweza kukaribia bei ya nyanya zenyewe. Tuliambiwa kina mama wa ukindu watanufaika. Tunacho pia kiwanda cha karatasi Mgololo, Mufindi, ambacho kaki ndiyo kazi yake. Lakini kilichojaza soko haraka hakikuwa ukindu wala kaki. Ni ile mifuko laini kama kitambaa, ya rangi rangi, yenye mikono ya kushonwa au kuunganishwa kwa moto.

Je, unajua imetengenezwa kwa nini? Polipropilini. Ni plastiki, wadau. Si kitambaa. Nyuzi za plastiki zimebanwa pamoja bila kufumwa, na ikichakaa inachambuka vipande vidogo vidogo. Utafiti wa wakala wa mazingira wa Uingereza wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba mfuko wa namna hiyo lazima utumike angalau mara 11 ndipo athari yake kwa hali ya hewa ishuke chini ya ile ya mfuko mwepesi wa supamaketi uliotumika mara moja. Ule wa pamba, mara 131. Wa kwako umeutumia mara ngapi? Kenya waliishtukia mapema: mamlaka yao ya mazingira, NEMA, ilitangaza kuizuia kuanzia Machi 31, 2019. Siku tisa baadaye Majaliwa akasimama bungeni, na mifuko hiyohiyo ikawa mkombozi wetu.

Na rambo yenyewe imerudi kwa mlango wa nyuma. Kanuni za 2019 ziliruhusu vifungashio vya plastiki kwa dawa, vyakula vya viwandani, kilimo na ujenzi, jambo ambalo lina mantiki. Haikuchukua muda vile vifuko vyembamba visivyo na mikono vikaanza kubeba vitunguu, dagaa na chipsi. Mwaka 2021 NEMC ikalazimika kutoa amri kwamba kifungashio si kibebeo. Ukipita sokoni asubuhi utaona mwenyewe amri hiyo inavyotii.

Kuhusu mifuko mbadala, Shirika la Viwango, TBS, liliweka kiwango ili kuzuia ile hafifu inayochanika siku ya kwanza. Mfuko halali lazima uwe na uzito wa angalau gramu 70 kwa kila mita moja ya mraba. Nilimuuliza mgambo mmoja pale sokoni anaitambuaje iliyo chini ya gramu 70. Akaichukua moja mezani kwa mama wa mboga, akaipapasa kwa vidole viwili, akainyoosha kwenye mwanga, akasema, "Hii kaka ni nyepesi."

Mama akamuuliza, "Mizani yako iko wapi?"